Mbuzi Waliokatwa Kabla ya Arusi

Baba Mkubwa anaiamini rangi nyekundu. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, na mpaka leo kalamu mbili hazitoki mfukoni mwake: ya buluu ya kuandikia, na nyekundu ya kutishia. Basi msimu ule wa mvua, ndugu wa kijana mmoja wa Kolwezi walipotaka kumposa binti yetu, wakaomba orodha ya mahari, ile tunayoiita faktire, itumwe kwa WhatsApp kwa sababu barabara ya kuja Musumba ilikuwa imegeuka tope. Kazi ya kuandika nikapewa mimi, kwa sharti moja.

"Bintu ya lazima utie rangi nyekundu, bakwe basiseme habakuiona."

Nikaitika, "Ndiyo, Baba Mkubwa," huku nikijua WhatsApp haina nyekundu. Nilipokuwa mwanafunzi Lubumbashi, enzi za sibakafe, tulichati kwa mIRC, programu iliyozaliwa 1995. Ulibonyeza Ctrl na K, ukaandika 4, na maneno yakaiva kama pilipili. Rangi zilikuwa 16. Msichana mmoja nilimwandikia salamu ndefu, nyekundu juu ya nyeusi, akanijibu kwa maandishi ya kawaida kwamba macho yanamuuma. Leo nina simu ya kupiga picha za mwezi, na siwezi kulitia rangi hata neno "mbuzi".

Mpwa wangu akanionea huruma. "Mjomba, rangi hakuna, lakini alama zipo. Tangu 2016." Alisema hivyo kwa sauti ya kumpasha habari mtu aliyekuwa bado amejificha msituni wakati vita vimekwisha. "Ukiweka nyota pande mbili, neno linanenepa. Ukiweka kistari cha chini, neno linalala. Ukiweka wimbi..." Hapo mama yake akamwita akachote maji.

Nikabaki na alama tatu na maelezo mawili. Nyota niliiogopa, kwani kwenye simu zetu nyota ni mlango wa pesa, nikahofia mkwe akiigusa salio lake litaondoka. Kistari cha chini nacho kilinitia shaka: suti ya baba wa binti utailazaje? Wimbi lilinipendeza. Limepinda vizuri, kama nakshi ya kitambaa cha meza. Nikawapamba kwa wimbi mbuzi watatu, suti ya baba, blanketi la bibi na baiskeli ya mjomba.

Niliandika nyumbani, kwenye daftari la simu, kwa kuwa mtandao wetu haupatikani nyumbani. Unapatikana juu ya kichuguu kilicho nyuma ya nyumba. Nikapanda, nikanakili, nikatuma, nikasubiri alama ya kwanza, nikashuka. Kusoma tena nilichotuma sikuona haja.

Jioni jibu likaja: "Aksanti sana, bakwe. Tumeona mulivyotuhurumia. Mungu abariki." Chini yake, mikono mitatu ya kupiga makofi. Baba Mkubwa alifurahi, maana kwetu heshima huanza kwa makofi. Kisha akavaa miwani, akafungua orodha yenyewe.

Kila alichokiita cha lazima kilikuwa kimepigwa mstari katikati. Vilivyosalia ni chumvi, sabuni, ndoo mbili na, mwishoni kabisa, kitu nilichokichomeka mwenyewe nikitumaini hakitaonekana: kreti moja ya bia ya Simba kwa mwandishi.

"Weye, njo nani alikata mbuzi yangu?"

Nikajaribu kusema kwamba ni wimbi. Mwalimu mstaafu akaniambia kwamba maisha yake yote mstari katikati ya neno maana yake ni kosa, lifutwe, na kwamba wakwe nao walisoma shule. Kurekebisha ujumbe kunaruhusiwa tangu 2023, lakini ndani ya dakika 15 tu, na zile zangu zilikuwa zimeishia kwenye kushuka kichuguu na kuwaamkia wazee wawili. Kufuta kungewezekana, ila WhatsApp humtangazia kila mtu kwamba kuna ujumbe umefutwa. Isitoshe, mtu aliyesamehewa mbuzi watatu haondoi macho kwenye simu.

Tukarudi kwenye karatasi ya mistari. Baba Mkubwa alishika taa na kalamu nyekundu, mimi nikanakili orodha neno kwa neno, pamoja na kreti yangu, maana kunakili ni kunakili. Tukaipiga picha. Kule kichuguuni ilichukua muda mrefu kuondoka kuliko sisi tulivyochukua kuiandika, na mbu walikula.

Asubuhi wakwe wakajibu kwa upole. Mbuzi, sawa. Suti, sawa. Blanketi na baiskeli, sawa. Ila mstari wa mwisho waliuandika upya wenyewe, wakaufunga kwa wimbi huku na huku, nao ukatokea umekatwa vizuri kabisa, safari hii kwa makusudi.

Nikamtazama Baba Mkubwa, nikisubiri atetee haki ya familia.

"Ile hata miye ningekata," akasema, akairudisha kalamu nyekundu mfukoni.