Tuipeleke Karasha

Mtandao unasingiziwa sana katika nchi hii. Mtu katoka Machochwe au Nata kwa bodaboda, vumbi limempaka hadi kope, anafika ofisini Mugumu mjini kufuata karatasi yake moja tu, na kijana wa dirishani, bila hata kuinua macho, anamwambia, "Mama, mtandao hakuna." Mtandao upi? Mkongo wa Taifa umefika mpakani Sirari miaka mingi sasa, na simu ya kijana huyohuyo inacheza video ya harusi bila kukwama. Kilichokufa ni seva iliyoko chumba cha pili. Mimi fundi ninayeitunza kutoka Tarime nilishasema kwamba itakufa. Nilisema kwa barua, yenye muhuri.

Seva ni mtumishi mwenye adabu, haiondoki bila kuaga. Katika memori yake, kila biti 64 za taarifa hupewa biti 8 za ulinzi. Biti moja ikigeuka, inasahihishwa palepale na kazi inaendelea. Zikigeuka mbili kwa mpigo, mashine inatambua kuwa kuna kosa isiloweza kulirekebisha, hivyo inaona heri isimame kuliko kuandika uongo. Makosa yakijirudia, inajiandikia kwenye kumbukumbu zake: tarehe, saa, na tundu lenye ugonjwa. Hali ikizidi inawasha taa ya rangi ya chungwa pale mbele. Nionyesheni mtumishi mwingine wa ofisi ile anayejiandikia makosa yake na kutaja saa.

Taa ile iliwaka muda mrefu. Mlinzi wa usiku akaibandika plasta kwa sababu ilikuwa inamsumbua kulala.

Chanzo hakihitaji tume. Chumba cha seva kilikuwa na kiyoyozi. Alipokuja bosi mpya, kiyoyozi kikahamia ofisini kwake. "Mugumu kuna baridi," alinieleza, "mashine dirisha linaitosha." Yaani baridi ya Mugumu inaitosha seva, ila yeye haimtoshi. Dirisha likafunguliwa, vumbi la barabarani likaingia, na mjusi akahamia.

Basi joto na vumbi vikaimaliza seva, ikatakiwa bodi mpya, ile inayobeba prosesa na memori kwa pamoja, na prosesa yake. Kutoka Tarime, Nairobi iko karibu zaidi kuliko Dar es Salaam, na mkate tunavuka kuununua Isebania kabla chai haijachemka. Lakini utaratibu ulitaka profoma tatu, na zote zilitoka Dar. Bodi ikazunguka nusu ya nchi kuja kutibu mgonjwa aliye jirani na Kenya.

Nikaipakata kwenye mchomoko wa Tarime kwenda Mugumu. "Mura, hilo boksi weka nyuma na mbuzi," dereva akaniagiza. Nikakataa. Kitu hiki kinaogopa umeme tuli. Cheche ambayo kidole chako hakiisikii inatosha kukiua, na sikujua mbuzi yule ana umeme kiasi gani. Mama niliyebanana naye akauliza bei. Nikamtajia. Akahesabu kimoyomoyo.

"Hao si ng'ombe watatu wa mnadani? Inakamuliwa?"

"Hapana, mama."

"Inazaa?"

"Haizai."

Akanitazama kwa huruma hadi Nyamwaga.

Pale Nyamongo, penye mgodi wa North Mara ulioanza kuzalisha dhahabu mwaka 2002, akapanda mzee mmoja mwenye buti za udongo, mchimbaji mdogo. Mama akamsimulia msiba wangu. Mzee akataka kujua bei kubwa hivyo ni ya nini. Nikamweleza kwamba, pamoja na mengine, miguso ya bodi hupakwa dhahabu, maana dhahabu haishiki kutu.

Gari zima likanyamaza.

"Gramu ngapi?"

"Haifiki hata moja, mzee. Ni utando tu."

"Mura, gramu haidharauliwi. Tuipeleke karasha. Tunasaga, tunatia zebaki, jioni tunagawana."

Dereva naye akapunguza mwendo. Niliikumbatia ile bodi mpaka tulipovuka Mto Mara.

Mugumu nilipokewa na kamati. Kazi yenyewe, fundi akiachwa peke yake, haina makuu. Unazima seva, unachomoa nyaya zote mbili za umeme, maana ina njia mbili ili moja ikifa nyingine iendelee. Unaivuta kwenye reli zake, unafungua kifuniko, unajifunga kamba ya mkononi inayokuunganisha na chuma. Bodi mbovu inatoka. Prosesa inalazwa taratibu juu ya pini nyembamba kama unywele. Ukipinda moja, ng'ombe watatu wamekufa. Unaweka pesti kiasi cha punje ya choroko, unafunga kipoza joto kwa kukaza skrubu za pembe zinazotazamana, unarudisha memori kila moja kwenye nafasi yake.

Lakini nani aliniacha peke yangu? Mhasibu alitaka picha za kuambatanisha. Mtunza stoo alitaka namba ya kila kipande. Bosi aliona vumbi, akainama, akajaza mashavu.

"Usipulize, mkuu. Mate."

Nikawasha. Feni zikanguruma, skrini ikabaki nyeusi, kwa sababu seva yenye memori nyingi huikagua kwanza ndipo ionyeshe chochote.

"Imekufa?" bosi akauliza.

"Inajikagua, mkuu."

"Inajikagua nini, wakati bodi ni mpya?"

Hatimaye ikaamka, taa zote kijani. Bosi akapongezwa na kamati. Katika ripoti, penye nafasi ya "chanzo cha tatizo", niliandika: joto, kwa kukosa kiyoyozi. Nikaandika na pendekezo. Nimejibiwa kwamba litaingizwa kwenye bajeti ijayo, kwa maana ya kiyoyozi cha pili, kwa ajili ya ukumbi wa mikutano.

Imebaki bodi mbovu. Muuzaji anaitaka irudi Dar, la sivyo dhamana haipo na tunalipa tena. Mtunza stoo ameshaibandika namba ya mali. Haitoki hadi kamati ya mali chakavu ikae na mkaguzi aione kwa macho. Kamati haijakaa kwa kuwa posho haijatoka. Mzee wa Nyamongo alichukua namba yangu ya simu, na hachoki kupiga. Katika watu wote wanaohusika na bodi ile, ni yeye tu mwenye mpango unaotaja siku, mahali, na nani anapata nini.