Hebu Lete Hilo Sikio

Ukitaka kujua Mji Mkongwe una waganga wangapi, usihangaike kuuliza wizarani. Umwa sikio. Ukiumwa tumbo, watu watakupa pole na kukuuliza jana ulikula nini. Ukiumwa jino, watakuonyesha njia ya kwa daktari na kila mtu ataendelea na shughuli zake, maana jino la mwenzio hakuna anayetaka kulishika. Lakini sikio lina tundu, na binadamu akiona tundu lazima atake kutia kitu.

La kwangu liliumia baharini, upande wa Mnemba, kaskazini mashariki ya Unguja, kule ambako wageni husafiri kutoka Ulaya kuja kuwatazama kasa na samaki wa rangi. Nilikwenda na shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyevuka kutoka Dar es Salaam kwa mapumziko. Shemeji huyu kila akija huja na jambo jipya, na safari hii jambo lilikuwa kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. "Shem," aliniambia, "wewe umezaliwa kisiwani na bahari unaijua kwa juu tu. Si aibu hiyo?" Mke wangu akacheka, na mwanamume akichekwa na mkewe mbele ya shemejiye, safari imeshapangwa.

Mwalimu wetu alitufundisha vizuri ufukweni. Alitupa ishara za mikono, kwa kuwa chini ya maji mdomo una kazi ya kushika mrija wa hewa tu. Kidole gumba na cha shahada vikifanya duara: niko salama. Gumba juu: tupande. Kiganja kikitikiswa huku na huku: kuna tatizo, kisha unaonyesha mahali penye tatizo. Wakati wa somo hilo shemeji alikuwa akijipiga picha na mtungi mgongoni, akitafuta upande ambao kitambi hakionekani.

Halafu mwalimu akatueleza habari ya masikio, na hapo nilitega yote mawili. Watu wengi hudhani bahari humuumiza mtu kule chini kabisa kwenye giza. Kumbe maumivu ya sikio yanaishi karibu na juu. Ukishuka mita 10 tu, mgandamizo unakuwa mara mbili ya ule wa nchi kavu, na hewa iliyo ndani ya mwili wako hujikunja ikabaki nusu. Ili ibaki theluthi, sharti ufike mita 20. Ili ibaki robo, mita 30. Kwa hiyo mita zile 10 za kwanza ndizo zenye kazi. Nyuma ya kiwambo cha sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na chumba hicho kina mlango mmoja tu: mrija mwembamba unaokwenda kutokea nyuma ya pua. Mlango huo kwa kawaida umefungwa. Hufunguka ukimeza mate au ukipiga mwayo. Ukishuka bila kuufungua, maji yanakisukuma kiwambo ndani, na unaweza kuanza kusikia maumivu hata kabla hujafika mita 2. Ukiendelea kushuka, mgandamizo unaubana mlango wenyewe, na hapo hata ukipuliza mpaka macho yatoke, haufunguki. Dawa yake ni kupanda kidogo, mita moja hivi, na kujaribu tena taratibu. Wahenga waliosema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, hawakuwahi kubeba mtungi wa hewa, lakini nadhani walikuwa wanamjua shemeji yangu.

Tulianza kushuka tukiwa tumeshika kamba ya nanga, miguu mbele. Sikio la kulia likafunguka kwa adabu. La kushoto likagoma. Nikasimama kwenye kamba, nikabana pua, nikapuliza polepole kama nilivyofundishwa, kimya. Maumivu yakaanza kuchoma. Shemeji alikuwa chini yangu kidogo, na kwa kuwa yeye ndiye niliyepangiwa kuwa mwenzangu, nikampa ishara: kiganja kikatikisika huku na huku, kisha kidole kikaelekea sikioni.

Shemeji akanitazama. Akafikiri. Kisha akainamisha kichwa upande mmoja, akatega sikio, akaisikiliza bahari kwa makini. Baada ya kuridhika akanipa duara la vidole: naam, amesikia. Nikarudia ishara kwa nguvu zaidi. Yeye akafurahi zaidi. Baadaye alinieleza kuwa alidhani nimesikia pomboo, na kwa vile pomboo hawasubiri mtu, akanishika mkono na kunivuta chini tuwahi. Mwalimu alipotuona na kunipandisha, sikio lilifunguka kwa mlio mwembamba, lakini madhara yalikuwa yameshapatikana.

Kwenye boti nilivua miwani, na ndani yake mlikuwa na matone ya damu yaliyochanganyika na makamasi. Mwalimu hakushtuka. Alisema mshipa mdogo umechubuka kwa mgandamizo na damu imeteremkia puani. Akanitaka niseme kama nasikia kizunguzungu au kama usikivu umepotea. Nikasema naona kama nimezibwa pamba, basi. Akaniambia mbizi kwangu zimekwisha, nimwone daktari. Nahodha, mzee aliyeanza kuzamia pweza na majongoo ya bahari tangu utotoni, alilicheka jambo lote. "Mwanangu, sikio la mvuvi sharti lipasuke mara moja, basi umemaliza. Sisi hapa yametupasuka wote na tunasikia vizuri kabisa." Nikamuuliza tutafika pwani saa ngapi. Akanijibu kuwa wali upo, ila samaki wamekwisha.

Wapiga mbizi wa zamani walikuwa na akili zao, lakini. Ibn Battuta, yule msafiri aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliwaeleza wazamiaji wa lulu wa Ghuba ya Uajemi kuwa walivaa usoni kifuniko cha gamba la kasa na kubana pua kwa kibanio cha gamba hilo hilo. Pua ikishabanwa hivyo, mtu anaweza kupuliza hewa masikioni na mikono yote miwili ikabaki huru. Huru kwa lulu, na huru pia kumnasua mtu kutoka kwa shemejiye.

Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imeshatangulia. Mama mkwe alikuwa uani, kikaango jikoni. "Hebu lete hilo sikio," alisema. Ndani ya kikaango mlikuwa na mafuta ya habasoda, na kitunguu thomu kimeshaanza kuwa cha kahawia. Nilisema, "Mama, nashukuru, lakini mwalimu kasema kisitiwe kitu mpaka daktari atazame." Akaniuliza huyo mwalimu ana watoto wangapi. Nikasema sijui. Akasema yeye amelea tisa, na wote wana masikio.

Kabla mafuta hayajapoa, jirani wa ng'ambo ya uchochoro alipiga hodi na paketi ya vijiti vya pamba, akisema kilichoziba ni taka na kitolewe. Shangazi akapendekeza maziwa ya mama, na kwa kuwa binti yake alikuwa ananyonyesha, akamwita palepale. Nikakimbilia chooni kwa haya. Wazee wa barazani wakagawanyika makambi mawili, kambi ya maji ya chumvi na kambi ya kuruka kwa mguu mmoja. Kijana wa duka la dawa akanipimia chupa ya matone bila kuniuliza swali lolote isipokuwa kama nina chenji. Na shemeji, aliyeniletea haya yote, aliketi kwenye kochi akiniambia nibane pua nipulize kwa nguvu zangu zote, "litafunguka tu, shem, usiogope."

Kati ya ushauri wote, huo wa shemeji ndio uliokuwa wa hatari kuliko wote, na una historia ndefu. Kubana pua na kupuliza huitwa kwa jina la Antonio Maria Valsalva, mtaalamu wa mwili kutoka Italia, aliyeandika kitabu juu ya sikio mwaka 1704. Naye hakuwa anawafikiria wapiga mbizi. Alikuwa anataka kusukuma usaha utoke sikioni. Ukipuliza taratibu, ni njia nzuri. Ukipuliza kwa hasira, nguvu ile inaweza kufika sikio la ndani na kutoboa utando wake, na hapo unaweza kupoteza usikivu kwa kudumu. Njia ya pili ni ya Mwingereza Joseph Toynbee: bana pua, umeze mate. Ni ya upole na wengi huipenda. Ila msimfuate Toynbee katika kila kitu, maana mwaka 1866 alijaribu dawa ya mlio wa masikio kwa kuvuta mwenyewe mvuke wa klorofomu na sumu ya sianidi, akafa. Kumbe hata Ulaya sikio lilikuwa na waganga wake.

Daktari wa masikio, pua na koo alikuwa mama mmoja mpole, asiye na haraka. Alivuta sikio langu juu na nyuma, akaingiza kitochi chake chenye ncha nyembamba, akachungulia kwa muda, kisha akaniita nitazame picha kwenye kioo cha kompyuta. Kiwambo kilichotakiwa kuwa cheupe cha kung'aa kilikuwa chekundu, na nyuma yake kulikuwa na majimaji. "Hakijatoboka," alisema. "Umetia nini?" Nikamjibu kwa fahari kuwa sijatia kitu. Akainua kichwa, akanitazama upya, akasema wagonjwa kama mimi hawapati kila siku.

Dawa yake sasa. Parasetamoli ya maumivu. Maji yasiingie. Nisipenge kamasi kwa nguvu. Nisitie matone, kwa sababu kama kiwambo kingekuwa na tundu, matone yasiyofaa yangepenya mpaka ndani. Nisizamie tena mpaka alitazame mara ya pili na masikio yote mawili yafunguke bila taabu. Sikio lililobanwa kidogo hupona lenyewe kwa siku kadhaa au wiki chache, na hata kiwambo kilichotoboka mara nyingi hujifunga chenyewe, ila hicho huchukua wiki nyingi zaidi. Nilitoka pale na karatasi isiyo na kitu cha kutia sikioni. Nyumbani ilipokewa kwa masikitiko. Mama mkwe aliigeuza nyuma na mbele, akauliza, "Ndiyo kusoma kwenyewe huku?"

Daktari alinifunza pia kipimo ambacho kila anayeoga baharini anastahili kukijua. Vuta sikio lako, au bonyeza kile kinyama kilicho mbele ya tundu. Ukiruka kwa maumivu, tatizo liko njia ya nje: maji yamekaa humo, ngozi imelainika, vijidudu vimeingia, na hapo ndipo matone ya daktari yana kazi. Kama kuvuta hakuumi lakini ndani kumeziba na kunachoma tangu uliposhuka majini, huo ni mgandamizo, na matone hayatasaidia kitu. Kuzuia ugonjwa wa nje ni rahisi: ukitoka baharini suuza masikio kwa maji safi yasiyo na chumvi, inamisha kichwa maji yatoke, kausha kwa taulo. Wapiga mbizi wengi hutia baadaye matone machache ya siki na spiriti nusu kwa nusu, lakini hiyo ni kwa mwenye kiwambo kizima asiye na maumivu. Vijiti vya pamba waachieni wanaojipaka wanja.

Shemeji yeye aliendelea kuzamia, masikio yake hayana shida kabisa, jambo ambalo linanifanya nihoji uadilifu wa bahari. Alikuwa amekata tiketi ya ndege ya asubuhi iliyofuata. Aliyepiga mbizi mara kadhaa hushauriwa asubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka, ili naitrojeni iliyojikusanya mwilini itoke taratibu. Basi ndege akaiacha, akapanda boti, kukawa na wimbi, akatapika mpaka bandari ya Dar es Salaam. Niliposikia hivyo, sikio lilipata nafuu kidogo.

Basi, ndugu msomaji, ukialikwa na shemeji yako: usizamie ukiwa na mafua, na usijidanganye kwa dawa ya kuzibua pua, kwani ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa itakwama sikioni wakati wa kupanda. Usivae vizibo vya masikio. Anza kufungua masikio ungali juu ya maji, endelea kila baada ya nusu mita au zaidi kidogo, na usisubiri maumivu yakukumbushe. Likikataa, panda, likikataa tena, rudi kwenye boti ukale wali. Ukitoka na kizunguzungu kikali, mlio usiokoma, usikivu uliopungua ghafla, au majimaji yanayotoka sikioni, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na yasipokuwepo hayo, mwone daktari kwanza, nyumbani useme baadaye. Sikio la kufa halisikii dawa, ni kweli. Lakini sikio linalopona lenyewe, mtuachie.