Namba Hasi kwa Watoto wa Tanga

Subiri mwezi wa pili, saa saba mchana, bati limeshika moto na watoto wanajipepea kwa madaftari. Hapo ndipo uanze somo la baridi. Andika ubaoni: "Asubuhi jotoridi la Moscow lilikuwa −8. Kufikia mchana lilipanda kwa nyuzi 5. Sasa ni ngapi?" Mtoto akiuliza Moscow ni wapi, mwambie hilo ni swali la Jiografia.

Kuna walimu wanaokimbilia kwa mwenye duka na daftari lake la madeni. Usiwaige. Watoto wetu wanalielewa deni upesi mno. Kipindi kitaisha hujatoka hata jasho. Ukishindwa kabisa, taja kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ambako usiku maji huganda. Friza ya yule mama anayeuza barafu za ubuyu iache kwanza. Ikiwa nzima husoma kama −18, na watoto wameshaingiza mikono humo, kwa hiyo wanaweza kuelewa.

Sasa chora mstari wa namba. Anza na 0 kwenye ncha ya kushoto ya ubao, ili hasi zikose pa kukaa. Wapo wanaouchora wima kama kipimajoto, na kupanda na kushuka vikaonekana kwa macho. Hao wanatuharibia kazi.

Ukilazimika kuuchora kama wao, mwite mtoto asogeze kidole kutoka −8, hatua 5 kwenda juu. Atakibandika kwenye −8 aseme "moja", kisha aishie −4. Usimweleze kwamba hatua huhesabiwa mtu akiondoka, si akiwa bado amesimama. Mtie kosa kwa wino mwekundu. Atagundua mwenyewe akishaoa.

Akianza kuzoea, mvuruge. Sema "jotoridi ni −4", halafu "jotoridi limebadilika kwa −4", kwa sauti ileile. Ya kwanza ni mahali, ya pili ni mwendo, na zote mbili zimevaa alama moja. Ukiwapa wasaa wa kuzitenganisha, nusu ya ugumu wa mada imekwisha, na mtihani tutautungia nini?

Wakinung'unika, wape historia. Mwaka 1742 Anders Celsius wa Uswidi aliweka 0 pale maji yanapochemka na 100 pale yanapoganda. Kwenye skeli hiyo baridi kali ya kwao ilisomeka zaidi ya 100, bila hasi hata moja. Waliokuja baadaye wakaipindua, na gharama tunalipa sisi wa Tanga.

Imebaki kuzidisha. Hapa wengi wetu hukitupa kipimajoto na kuwaimbisha watoto kwamba hasi kwa hasi ni chanya, kama tulivyoimbishwa. Ukitaka makuu, basi irudie ile friza: inashuka nyuzi 3 kila saa, na sasa iko 0. Saa 2 zilizopita ilikuwa nyuzi ngapi? Ni −3 × −2, yaani 6 juu ya sifuri. Hapo nyuma atanyoosha mkono mmoja aseme saa mbili zilizopita umeme ulikuwa umekatika. Mpe alama.