Blanketi Saa Sita Mchana

"Ukiiwasha, usiizime."

Hilo ndilo sharti pekee alilonipa jirani yangu mwenye shamba la michikichi, siku aliponiazima msumeno wake wa mota. Nikacheka kwa adabu. Nilidhani ni maneno ya mtu anayependa mali yake, kumbe mwenzangu alikuwa ananisomea cheti cha hospitali.

Wanaosafiri kwenda Kigoma hurudi wakiiita mashine hii chenso. Mimi niliyepita shule ya Kifaransa nasema tronsonezi. Mama mkwe wangu anaiita "pikipiki ya kukata miti", na sioni pa kumsahihisha: injini ni ya mipigo miwili kama ya pikipiki za zamani, oili inachanganywa na petroli katika chupa moja, moshi ni uleule, na kama pikipiki nyingi za hapa Rumonge, inawaka kwa mapenzi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa kwa mama mkwe huyohuyo. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipopanda, maji yaliingia uani kwake bila kubisha hodi, yakakaa wiki kadhaa, yakalainisha udongo kisha yakaondoka. Mwembe wake ukabaki umeinama kuelekea jikoni. Kila mwezi ulisogea kidogo, kama mgeni aliyesikia harufu ya samaki mukeke ila anaona aibu kuomba. Hakuna aliyeniambia niukate. Nilijitolea mwenyewe, mbele ya mashemeji, baada ya kula vizuri.

Nilifika saa mbili asubuhi. Nikaegemeza baiskeli yangu upande wa ziwa, mbali na hatari, nikavuta kamba ya mashine mara mbili, ikanguruma. Mama mkwe akapiga kigelegele kifupi. Laiti ningeondoka saa ileile.

Shida ya kwanza ilikuwa mawese. Oili ya mnyororo ni ghali, na jirani yangu anakamua mawese mwenyewe, kwa hiyo anaona upuuzi kununua mafuta ya dukani kwa ajili ya msumeno. Sasa mawese ya asubuhi kando ya ziwa mnayajua: yameganda, mazito, ukiinamisha chupa yanakutazama tu. Mnyororo ukazunguka mkavu, upanga unaoubeba ukaanza kutoa harufu ya chuma kinachoungua. Nikalazimika kusubiri jua liyayeyushe. Hapo nikaanza kuielewa tabia ya kifaa hiki: asubuhi mashine inawaka lakini mafuta ya mnyororo hayatoki, mchana mafuta yanatiririka kama mto Dama na mashine haiwaki. Ndani ya siku nzima kuna dakika chache tu ambazo vyote viwili vinakubaliana, na dakika hizo mimi nilikuwa nakunywa chai.

Saa tano hivi tukaanza. Vijana sita walioahidiwa mukeke wa kuchoma walishika kamba niliyoifunga juu ya mwembe, wakaivuta kuelekea ziwani ili usitumbukie jikoni. Nikakata pembe upande wa ziwa, nikahamia nyuma, upanga ukaingia vizuri. Ulipofika katikati ya shina, mashine ikaanza kulia kwa sauti nyembamba, ikazidi kupanda, halafu ikanyamaza.

Mwembe ukatoa mlio mdogo, kaa!, kama goti la mzee anayeinuka. Vijana wakakaza kamba. Mama mkwe akatoka jikoni na sufuria yake.

Nilitikisa tangi, nikasikia petroli imo. Sikufungua mfuniko kuangalia. Kwa miaka hii ya uhaba, kufungua tangi la petroli juani bila sababu ni kama kuhesabu noti za faranga sokoni. Nikafanya nililofanya asubuhi na likaniletea kigelegele: nikavuta choki, nikavuta kamba. Mara ya kumi nikavua shati. Mara ya ishirini na kitu nikapoteza hesabu, na kiganja kikapoteza ngozi.

Kwetu mashine ikigoma barabarani, washauri huota kama uyoga. Motari mmoja alisimamisha pikipiki, abiria wake mgongoni, akasema ni buji, ile plagi ya cheche. Mwalimu mstaafu akasema hewa ya mchana imetanuka, haina nguvu, na nilipofikiri baadaye nikaona hakukosea sana, ila hakunisaidia. Mzee mmoja akasema mwembe una wenyewe. Mtoto akasema labda imechoka. Vijana wa kamba hawakutoa ushauri wowote. Waliuliza tu, kwa zamu, kama bado.

Mama mkwe ndiye aliyetuma mtu bandarini kumwita fundi wa mota, yule anayetengeneza injini za mitumbwi ya uvuvi. Alikuja taratibu, akachutama, akagusa bomba la moshi kwa kidole kilicholowa mate. Likalia chwi.

"Ulivuta choki?"

"Nilivuta."

"Ikiwa ya moto hivi?"

Nikaangalia ziwani.

Alinieleza bila dharau, na hilo ndilo lililoniuma. Choki, alisema, ni blanketi. Asubuhi injini ni baridi, petroli haigeuki mvuke haraka, basi unaifunika: unapunguza hewa ili petroli izidi, moto ushike. Saa sita mchana chuma chenyewe kimeshakuwa jiko. Ukiifunika tena, petroli inajaa ndani ikiwa majimaji, buji inalowa, cheche inazama. Na kila ukivuta kamba unaongeza maji kwa mtu aliyekwisha kuzama. Wavuvi wengi, akasema, wamelala ziwani taa zinawaka na mota imezimika, si kwa sababu imeharibika, ni kwa sababu waliizima kidogo wakatega nyavu, kisha wakaiwasha kama ya alfajiri.

"Sawa, fundi," nikasema, "lakini kwanza ilikufa kwa nini? Sikuizima mimi."

Akashika mfuniko wa tangi, akaulegeza kidogo. Fsssss! Hewa iliingia kwa kasi hata mzee wa mwembe wenye wenyewe akarudi hatua mbili. Fundi akautoa mfuniko, akaugeuza, akachokoa kwa ncha ya bisibisi. Likatoka duara dogo la mpira mweusi, limekatwa vizuri kabisa kwenye mpira wa ndani wa baiskeli. Jirani yangu, kwa kuihurumia petroli yake isipae, alikuwa ameziba kitundu cha kupumulia.

Fundi alianza kutueleza habari ya mgandamizo wa hewa. Mama mkwe akamkatiza.

"Kumbe ni bidoni!"

Tukamgeukia.

"Bidoni ya mawese. Ukitoboa tundu moja tu, inatoa kidogo, gluk, gluk, halafu inakataa. Lazima utoboe la pili juu, hewa iingie." Akanitazama kwa huruma. "Mkwe, hili hulijui?"

Mwanamke huyu ameuza mawese tangu kabla mimi sijazaliwa. Saa nzima alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu na jawabu lake mkononi, na hakuna aliyemuuliza, mimi wa kwanza.

Fundi akaagiza mbabura ya makaa yenye mukeke ihamishwe mbali, nyuma ya nyumba. Akaizima swichi, akafungua buji. Ilikuwa imelowa, inanuka kama kituo cha mafuta siku lori linapofika. Akaifuta kwa pindo la shati, akaikausha juani, akapima kwa jicho pengo lake la nusu milimita. Buji ikiwa nje, akavuta kamba mara sita hivi. Tundu likatema umande wa petroli, na watu wote wakaufuata kwa macho jinsi ulivyokuwa ukipotea, maana kila tone tulijua bei yake. Kisha akakaa chini.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa tunangoja."

Vijana wa kamba wakaguna kwa pamoja. Mimi nisingeweza kungoja hivyo mbele ya mama mkwe, mikono mitupu, jasho linakauka. Fundi akaomba maji, akanywa, akaulizia bei ya mukeke. Baada ya robo saa akarudisha buji, akawasha swichi, choki akaiacha wazi, akakamata mafuta nusu, akavuta. Mara ya kwanza kimya. Ya pili ikakohoa. Ya tatu ikanguruma, na kigelegele alichopigiwa kilikuwa kirefu kuliko changu.

Akanikabidhi nimalizie. Vijana wakavuta kwa hasira yote waliyoiweka akiba, mwembe ukaitika, ukaliacha jiko bila hata kugusa vigae, ukaenda kulala upande wa ziwa, palepale tulipotaka.

Palepale nilipoegemeza baiskeli.

Jioni nilirudisha mashine kwa mguu. Jirani akaisifu kwa kurudi salama, akafungua mfuniko, akauinamia.

"Mpira wangu uko wapi?"

Nikajaribu kumweleza kitundu, hewa, bidoni. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kama mimi ndiye nitakayemnunulia petroli itakayopaa. Nikakumbuka mpira ulipo: mama mkwe alikuwa ameuokota, akauosha, akaupachika kwenye mfuniko wa bidoni yake inayovuja. Na kitu kilichoingia jikoni kwa mama mkwe, mkwe hakidai.

Basi nikarudi uani usiku na tochi, nikatambaa chini ya matawi mpaka kwenye gurudumu la nyuma, nikamkatia mpira mpya.