Mikopo Za Wanachama

Mpwa wangu anasomea kompyuta chuoni Mbeya. Kila likizo akifika hapa Mwimbi huniamkia kwa heshima zote, "Shikamoo mjomba," na kabla sijamaliza marahaba macho yake yameshanipita begani kutafuta kilaptopu kiko wapi. Nimeshaelewa kwamba mgeni huyu si wangu.

Kilaptopu chenyewe nilikinunua mjini Sumbawanga kwa kazi moja tu: hesabu na mihtasari ya VICOBA yetu, kikundi cha kuweka na kukopa. Mimi ndiye katibu, kwa kuwa nilifundisha Kiswahili hadi nikastaafu, na watu wa huku wanaamini anayejua ngeli lazima anajua na riba. Ni mtumba wa shule fulani ya Ujerumani, kidogo, kimezungushiwa mpira pembeni ili mtoto akikiangusha kisivunjike. Bei yake ilinifurahisha. Sababu ya bei hiyo nilielezwa nikiwa nimeshalipa: hifadhi yake ni GB 32, tena imechomelewa kwenye ubao, huwezi kuing'oa ukaweka kubwa. Windows iliyokuja nayo ilikuwa imejaza karibu yote, na kila ilipotaka kujisasisha ilinidai nafasi ambayo imeikalia yenyewe.

"Hii hapa mjomba tunaipiga Linux," akasema mpwa. "Itakuwa nyepesi."

Mimi nilidhani Linux ni kitu kimoja. Kumbe ni ukoo mzima, na kila mwanaukoo atalala kwako. Akaanza na Xubuntu, yenye nembo ya panya. Panya alikaa likizo moja. Likizo iliyofuata nikaambiwa panya ni mzito, dawa ni Puppy, ambayo Mwaustralia mmoja, Barry Kauler, aliianzisha mwaka 2003 na kuipa jina kwa ajili ya kimbwa chake. Baada ya mbwa ikaja antiX, kisha Lubuntu, kisha panya akarudi akiwa toleo jipya. Hawa jamaa wa Ubuntu hutoa toleo kila Aprili na kila Oktoba, na kila toleo lina mnyama wake. Lile la Aprili 2022 lilipewa yavuyavu wa baharini. Tuko kwenye uwanda wa Ufipa, kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, upepo wa Juni unakata masikio, na mimi naambiwa nisubiri kidogo, yavuyavu anaingia.

Anaingia kwa bando langu. Faili la Xubuntu linazidi GB 2. Likishashuka linaandikwa kwenye flashi, kompyuta inawashwa huku kitufe fulani kikibonyezwa mfululizo, maandishi meupe yanatiririka kwenye kioo cheusi, na mpwa anatabasamu kama bwana harusi. Mwisho wa yote tunagundua waifai haifanyi kazi. Kwa nini? Draiva yake haimo. Draiva inapatikana wapi? Kwenye intaneti. Na intaneti tutaipataje? Kwa waifai. Hapo ndipo simu yangu huchomekwa waya na bando lililobaki likamalizikia humo.

Nikilalamika, ananipa historia. Ananiambia habari za Nicholas Negroponte, yule mzee wa Marekani aliyetaka kila mtoto maskini duniani awe na laptopu ya dola 100. Novemba 2005, kwenye mkutano mkubwa kule Tunis, aliionyesha ya mfano akiwa na Kofi Annan, ya kijani, yenye mpini wa kuzungusha ili izalishe umeme. Annan akazungusha, mpini ukabaki mkononi. Zilipotoka kiwandani hazikuwa na mpini, na bei ilikuwa karibu dola 200, kumbukumbu MB 256. Kwa haki, kioo chake kilisomeka hata juani, jambo ambalo changu hakiwezi hata kivulini. Rwanda walizichukua kwa wingi, zaidi ya laki mbili. Zilikuja na Linux iliyotengenezewa watoto, yenye sura iliyoitwa Sugar, na wakubwa wakaanza mara moja kuing'oa: waliomba ufunguo wa kulegeza ulinzi, wakachomeka kadi ya SD pembeni, wakaweka Debian, wakaweka Ubuntu.

"Unaona mjomba? Ni utamaduni."

Naona. Naona pia kwamba katika hadithi yote hiyo hakuna hata mmoja aliyeandika barua. Vijana hawa wanapenda kupiga mfumo. Kuutumia ni kazi ya akina sisi. Mfumo ukishawaka vizuri wanaukodolea macho dakika chache, wanabadilisha picha ya nyuma, halafu wanaanza kuuliza kama hakuna mwingine.

Sisemi kila kitu ni kibaya. Programu ya kuandikia ina menyu za Kiswahili, na njia hiyo ilifunguliwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mradi wa Kilinux, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Hapo sina neno. Ila menyu iwe Kiswahili namna gani, vidole vyangu viko juu ya kibodi ya Kijerumani.

Wajerumani walikuwa na boma lao hapo chini Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, wakaliita Bismarckburg, na mwaka 1916 wakafurushwa. Sasa wamerudi na herufi. Kwenye kibodi yao Z imekaa mahali pa Y, na Y mahali pa Z. Kila mfumo mpya humuuliza mpwa kibodi ni ya wapi, naye kwa haraka yake anabonyeza tu, ikawa ya Marekani. Kuanzia hapo nikigusa Y inaandikwa Z. Kwa lugha nyingine labda hiyo ni aibu ndogo. Kwa Kiswahili ni msiba, maana herufi hizo mbili ndizo zimebeba ngeli. Nikaandika "mikopo ya wanachama," karatasi ikatoka "mikopo za wanachama." Fedha za kikundi zikawa "fedha ya kikundi." Muhtasari ukabandikwa ukutani, na mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye darasani alikuwa akilia kwa sababu ya ngeli, akausoma kwa sauti mbele ya watu, taratibu, akinitazama kila nukta.

Wakati wa Puppy likatokea jingine. Kibetri cha saa ndani ya kilaptopu kimekufa, kwa hiyo kikizimwa kinasahau tarehe, na kikiwashwa kinaamini tuko mwaka 2015. Jedwali langu la madeni hukokotoa siku zilizobaki kwa kuangalia tarehe ya leo. Siku ya kikao nikasoma orodha kama ilivyo: mdaiwa wetu sugu alikuwa amebakiza zaidi ya siku 3,000. Akasimama kukishukuru kikundi kwa moyo wa huruma. Mweka hazina, mama asiyependa mzaha, akauliza sanduku letu lenye kufuli tatu lilikuwa na ubaya gani.

Nikajifunza kuishi. Nilizoeza vidole: nikitaka ya, naandika za. Ilichukua msimu mzima wa mahindi, lakini nikafika mahali nikawa naandika bila kufikiri, mihtasari ikanyooka, na mwanafunzi wangu akakosa cha kusoma kwa sauti.

Likizo iliyopita mpwa akaja. Nikamwambia mapema: asiguse mfumo. Kweli hakuupiga upya, mtoto ana adabu. Alichofanya, usiku nimelala, kwa mapenzi tu kwa mjomba wake, alirekebisha kibodi ikawa ya Kijerumani, kila herufi mahali pake, kisha akapanda basi kurudi Mbeya.

Kikao cha juzi kilipitisha azimio kali kuhusu kilaptopu, bila hata mmoja kupinga. Nililiandika siku hiyohiyo nikalibandika ukutani: "Mabadiliko zozote za mfumo zasifanzwe kabla za myunguko kuisha."