Ombi la Kuchora Ukuta Usiouza Chochote

Kwa Afisa Mhusika,
Ofisi ya Mabango na Matangazo.

MINT: KUUNGAMA NIA KABLA YA KUTENDA KOSA

Mheshimiwa,

Sisi ni wapangaji wa flati moja hapa Kapsoit, kando ya barabara ya Kericho kwenda Kisumu. Ukuta wetu unaotazama steji ni mtupu, nasi tunataka kuuchora. Mchango umeshapita: kila nyumba imetuma shilingi mia mbili kwa simu, isipokuwa namba saba, aliyetoa brashi mbili na ushauri mwingi. Mwenye nyumba amekubali, mradi kodi isicheleweshwe kwa kisingizio cha sanaa.

Tatizo letu ni kwamba hatuuzi chochote. Tumezunguka vituo vya barabara hii tukitafuta mfano wa kuiga. Tumeona duka lililopakwa kijani toka msingi hadi kwenye bati kwa heshima ya kampuni ya simu, na jirani yake likapakwa nyekundu kwa heshima ya kampuni nyingine ya simu. La tatu ni bluu ya sabuni, ingawa ndani wanauza misumari. Kuta hizo zinaishi kwa amani, kwa kuwa zina mwenyewe anayejulikana na ada inayojulikana. Je, ukuta usiouza utaandikiwa risiti ya nini?

Kwa hofu hiyo tulifungua Katiba. Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, linazipa kaunti kazi zake. Kipengele cha 3 kinataja udhibiti wa uchafuzi wa hewa, kelele, kero nyingine za umma na matangazo ya nje, yote kwenye kapu moja. Hapo hatuna la kuongeza. Kinachofuata, cha 4, kinataja shughuli za kitamaduni. Kutoka 3 hadi 4 ni hatua moja tu, lakini tangu kaunti zianze kazi mwaka 2013 fomu za cha 3 tunazijua, na za cha 4 bado hatujabahatika kuziona.

Ili kukupunguzia kazi, tumeichuja picha yenyewe isije ikafanana na tangazo.

Kwanza tutamchora Wilson Kiprugut Chumo, mwana wa Kericho aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, shaba ya mita 800, Tokyo, 1964. Jicho kali laweza kuuliza viatu vyake ni vya kampuni gani. Kwa hiyo tumeamua achorwe kuanzia kiunoni kwenda juu. Ndiyo, alikuwa mkimbiaji. Chini yake tutaandika: "Miguu ipo, inasubiri kibali."

Pili ni kibuyu cha mursik. Ndani mna maziwa, na maziwa yana wenye leseni zao, basi tutakichora kikiwa kimefunikwa.

Tatu ni mama mchuma chai, kikapu mgongoni. Huyu ndiye aliyetukosesha usingizi, maana anaweza kudhaniwa anatangaza majani. Lakini kumbuka Mei 2023, mashine za kuchumia chai zilipochomwa moto hapa Kericho na watu waliosema zinawanyang'anya mkate wao. Huwezi kumtangaza mtu ambaye nafasi yake imekwisha kupewa mashine. Tena hatatabasamu kama yule wa kwenye paketi. Huo ndio ushahidi wetu kwamba si biashara.

Hatuombi jambo jipya. Wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, msanii Solo 7 alizunguka Kibera akiandika maneno ya amani kwenye kuta na vibanda. Mwaka 2009 Mfaransa JR akatandaza juu ya mapaa ya Kibera picha kubwa za wanawake wa mtaa huo, zilizochapishwa kwenye plastiki isiyopitisha maji. Watu wakapata sanaa, na chini yake wakajikinga na mvua. Tunakiri kwamba picha yetu haitaziba tundu lolote la bati, na hilo tunaliombea radhi.

Kuhusu malipo, Ibara ya 209 inaruhusu serikali kutoza ada kwa huduma inazotoa. Plasta ni ya mwenye nyumba. Rangi ni ya mchango. Ngazi tumeazima kanisani. Mvua ya alasiri, inayotulazimu kupaka asubuhi na kushuka mapema, ni ya Mungu. Ukitutajia huduma ambayo ofisi yako imeutendea ukuta huu, tutailipia kabla jua halijatua.

Tunaomba basi moja kati ya mawili. Utuvushe kutoka kipengele cha 3 hadi cha 4, bila ada, kama wananchi wanaojipambia mahali wanapoishi. Au ututoze kama kampuni, lakini risiti itaje bidhaa kwa jina. Risiti hiyo tutaitia kwenye fremu na kuitundika langoni, kwa kuwa tumechanga, tumekaa vikao na tumegombana juu ya rangi ya mawingu, na mpaka leo hakuna aliyeweza kutuambia tunauza nini.

Wako watiifu hadi Jumamosi, siku ambayo fundi wa rangi ana nafasi,

Wapangaji, Kapsoit.

Nakala: Mwenye nyumba, Namba saba.