Sifa za Kifungu Kinachoikataza Kompyuta Kuketi Mezani

Miongoni mwa vitu vinyonge ambavyo wanadamu wamevinyima sifa, kimoja kinastahili kutangulizwa mbele ya kupe, kunguru na foleni ya benki, nacho ni kile kifungu ambacho, ndani ya leseni inayojiita huria, huikataza kompyuta kuketi mezani pamoja na wachezaji. Leseni huria ni kibali ambacho mwenye hakimiliki humpa mtu yeyote aitumie kazi yake, aibadili na hata kuiuza bila kubisha hodi. Na mchezo wa kuigiza wahusika mezani ni ule ambao kila mchezaji huvaa nafsi ya shujaa wa kubuni, msimulizi mmoja huwaeleza yanayowazunguka, na dadu huamua nani amepona na nani ameliwa na joka. Mlango ukiachwa wazi, atahitajika mtu wa kuamua ni mgeni gani asipite, na hapo ndipo utukufu wa kifungu hiki unapoanzia.

Mchezo mama wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulitolewa Marekani mwaka 1974, lakini kifungu kilisubiri hadi mwaka 2000, kampuni ya Wizards of the Coast ilipotoa Open Game License, yaani leseni huria ya michezo, pamoja na leseni pacha iliyowaruhusu wachapishaji wengine kubandika nembo ya d20 kwenye majalada yao. Masharti ya pacha huyo yalisema kwamba bidhaa yenye nembo isiwe mchezo wa kompyuta, na mchezo huo yakaueleza kuwa ni programu inayopokea matakwa ya wachezaji, ikatumia kanuni kuamua kama yamefaulu au yameshindwa, kisha ikawarudishia jibu. Ukiliondoa neno programu, maelezo hayo yanamhusu msimulizi wa kibinadamu tangu utosini hadi unyayoni, kwani naye hupokea, huamua na hujibu, tena aghalabu kwa malipo ya soda na karanga. Wanasheria waliokusudia kulinda biashara tu wakajikuta wamemwandikia msimulizi mkataba wa ajira na kumfukuzia mshindani wake, jambo ambalo hata chama cha wafanyakazi chenye ari kingelitolea jasho jingi.

Leseni kuu yenyewe haikuikataza programu waziwazi. Ilidai tu kwamba sehemu zilizo huria zionyeshwe bayana, na kampuni ikafafanua kuwa mtumiaji lazima aweze kuziona na kuzielewa. Kwa kuwa programu ikishageuzwa kuwa lugha ya mashine haisomwi na mwana wa Adamu, njia iliyowafaa waandishi wake ni ile ya PCGen, programu ya kuandalia wahusika, ambayo kanuni zake ziliwekwa nje, katika mafaili ya maandishi ya kawaida. Walimu wa kompyuta huhubiri usafi wa namna hiyo miaka nenda miaka rudi. Sharti moja lenye usumbufu lilitosha.

Kilele cha kifungu kilifika Januari 2023, ilipovuja rasimu mpya iliyoruhusu maandishi ya kuchapwa na mafaili yasiyojongea peke yake, ikadai asilimia 25 ya mapato yanayozidi dola 750,000, na kuitangua leseni ya zamani iliyokuwa imebeba riziki za watu kwa zaidi ya miaka 20, mithili ya Abunuasi aliyeuza ghorofa ya juu kisha akaleta mafundi waibomoe ya chini. Rasimu iliyofuata, ya tarehe 19, ilikuja na sera ya meza za mtandaoni, yaani programu zinazowakutanisha wachezaji walio mbalimbali, na humo ikaelezwa kwamba kombora la kichawi likichorwa likaruka kwenye skrini hadi kumpiga adui, hilo limechukua nafasi ya fikra na si mchezo wa mezani tena. Wanafalsafa wamelizungusha kwa karne nyingi swali la mahali fikra inapokomea, na hakuna aliyethubutu kulijibu kwa wepesi huu: kombora likisimama ni fikra, likisogea ni video.

Wasio na shukrani walikuwa wengi, kwani katika maoni yaliyokusanywa na kampuni yenyewe, asilimia 86 hawakuridhika na sera hiyo. Tarehe 27 Januari kampuni ikasalimu amri, ikaiacha leseni ya zamani mahali pake, na kanuni za msingi ikaziweka chini ya leseni ya Creative Commons, ambayo haiulizi kama kombora limesimama au linaruka, mradi mwenye kazi atajwe. Sera hiyo adhimu ikafa ingali rasimu, ikiwa na umri wa siku nane. Msiba umemwangukia zaidi msimulizi, ambaye sasa hana kifungu cha kumlinda dhidi ya mashine, na ambaye wenzake wanaendelea kumwita mezani kwa sababu tu wanapenda kumsikiliza.